Dawa Iliyotangulia Kisu

Miongoni mwa mambo ambayo elimu ya utabibu iliyapata kwa taabu, na ikayapokea kwa taabu kubwa zaidi, limo hili: kwamba mgonjwa anayekwenda kupasuliwa hukingwa jeraha lake lisioze kwa dawa chache iliyotangulia kisu, wala hakingwi kwa dawa nyingi iliyokifuata. Kauli hii ni fupi, na mwenye kuisikia huidhani nyepesi. Lakini tangu wanadamu walipoanza kupasuana kwa nia ya kuponyana hadi ilipopata ithibati zilipita karne nyingi, na tangu ilipopata ithibati hadi leo imepita zaidi ya miaka 60, na bado ziko wodi nyingi, za kwetu na za ng'ambo, ambamo mgonjwa huchomwa sindano kwa siku tano au saba baada ya upasuaji uliokwisha salama, ilhali sindano hizo hazimwongezei kinga yoyote. Kwa hiyo historia ya kinga hii si historia ya kuvumbua dawa tu; ni historia ya khofu ambayo haikuridhika na dawa kidogo hata ilipoambiwa kwamba kidogo chatosha.

Kwa muda mrefu matabibu wa Ulaya waliamini kuwa usaha mweupe mzito ni dalili njema, na jeraha lisilotoa usaha huo liliwatia wasiwasi kuliko lile lililoutoa. Mpasuaji aliingia kazini na koti lake jeusi lililokaukiwa na damu za wagonjwa wa jana na juzi, wala halikufuliwa, kwa kuwa damu ile ilihesabiwa kuwa ushahidi wa uzoefu wake. Nusukaputi ya etha ilipodhihirishwa hadharani mjini Boston mwaka 1846, mgonjwa aliepukana na uchungu wa kisu, na wapasuaji wakathubutu kupasua mara nyingi zaidi na kwa kina zaidi. Lakini neema hiyo haikuwa na uwezo juu ya yale yaliyokuja siku ya tatu au ya nne, pale homa ilipopanda, kingo za jeraha zikavimba, na wodi nzima ikanuka.

Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, tabibu wa Kihungari Ignaz Semmelweis alitambua kwamba wazazi waliohudumiwa na madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi kuliko wale waliohudumiwa na wakunga, ambao hawakuwa na shughuli na maiti. Akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kumgusa mzazi, na vifo vikashuka upesi hata wenye macho wakaona. Wakubwa wa elimu walio wengi hawakumsadiki, kwani kumsadiki kulikuwa ni kukiri kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyoua. Semmelweis alifariki tarehe 13 Agosti 1865 katika hospitali ya wenye maradhi ya akili, na kilichomwua ni jeraha lililooza.

Siku moja kabla ya kifo hicho, mjini Glasgow, Joseph Lister alimtibu mtoto wa miaka 11, James Greenlees, ambaye gurudumu la mkokoteni lilikuwa limempita mguuni, mfupa ukavunjika na ngozi ikapasuka juu yake. Zama zile mvunjiko wa namna hiyo aghalabu uliishia katika kukatwa mguu, au kaburini. Lister alikuwa amekwisha soma maandiko ya Louis Pasteur juu ya vijidudu vinavyochachisha na kuozesha, akajisemea kwamba ikiwa vijidudu ndivyo viozeshavyo mvinyo na nyama, basi ndivyo viozeshavyo majeraha. Akalifunika jeraha kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya karboliki, akakiacha siku nne. Alipokifungua hapakuwa na usaha, na baada ya wiki sita mifupa ilikuwa imeshikana. Mwaka 1867 aliutangaza utaratibu wake, na ubishi uliofuata ulidumu miaka mingi.

Wala isidhaniwe kwamba hekima ya kusafisha kabla ya kukata ilikuwa mali ya Ulaya peke yake. Mwaka 1879, ubishi huo ukingali mkali, msafiri na mmisionari Robert Felkin alishuhudia huko Kahura, katika nchi ya Bunyoro, upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni, akauandika kwa makini na habari zake zikachapishwa Edinburgh mwaka 1884. Mwanamke yule, mwenye umri wa kama miaka 20 na mimba yake ya kwanza, alilazwa kwenye kitanda chenye mwinamo, amekwisha kunyweshwa pombe ya ndizi hata akawa nusu mlevi. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe hiyo hiyo, akaliosha nayo tumbo la mwanamke, kisha akakata kwa upesi kutoka juu kidogo ya kinena hadi chini ya kitovu, na msaidizi wake akigusa kwa chuma chekundu cha moto kila mahali palipovuja damu. Mtoto akatolewa, kondo likatolewa, tumbo la uzazi likakandwa mpaka likajikunja, na ngozi ikafungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyosuguliwa vema na kuzungushiwa uzi. Juu ya jeraha ukapakwa ujiuji wa mizizi iliyotafunwa, likalazwa jani la mgomba lililopashwa moto, na nguo ya gome la mti ikafunga yote. Misumari iliondolewa kidogo kidogo siku zilizofuata, na siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona, mama na mtoto wakiwa wazima. Hapana haja ya kudai kwamba pombe ya ndizi ina nguvu ya karboliki. Linalostahili kutazamwa ni mfuatano wa mambo, kwamba unawaji ulitangulia mkato, na kwamba kazi ile ilifanywa na watu ambao kwa dhahiri walikuwa wameizoea.

Katika miaka ya mwisho ya karne ile wapasuaji walipiga hatua nyingine: badala ya kuviua vijidudu vilivyokwisha ingia jerahani, walivizuia visifike kabisa. Vyombo vikachemshwa na nguo zikapitishwa katika mvuke, na mjini Baltimore William Halsted akaleta glavu za mpira, ambazo hapo mwanzo zilikusudiwa kuilinda mikono ya muuguzi wake iliyobabuka kwa dawa kali. Hata karne ya 20 ilipoingia, upasuaji safi ulikuwa umekwisha pata heshima yake, na hakijapatikana bado kiuavijasumu hata kimoja. Jambo hili wengi hulisahau. Usafi ndio uliotangulia, ukasimama kwa nguvu zake wenyewe; dawa ilikuja baadaye kuuongezea nguvu, haikuja kushika nafasi yake.

Kuja kwenyewe kunajulikana. Alexander Fleming aliuona ukungu wa penisilini mjini London mwaka 1928. Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford wakaisafisha dawa yake na kuijaribu kwa panya mwaka 1940 na kwa binadamu mwaka 1941, na vita vikuu vikasukuma viwanda vya Marekani viitengeneze kwa wingi. Fleming mwenyewe, akihutubu Stockholm mnamo Desemba 1945 baada ya kupewa tuzo ya Nobel, alihadharisha kwamba vijidudu vikipewa dawa pungufu isiyotosha kuviua vitajifunza kuistahimili. Hadhari ile ilisikika, ila haikufuatwa. Dawa ilikuwa tele, bei yake ikishuka mwaka hata mwaka, na mpasuaji aliyekwisha shona jeraha lake aliona si vibaya kumwandikia mgonjwa penisilini ya siku kadhaa, kwa tahadhari tu. Mwaka 1948 Mary Barber, katika hospitali ya Hammersmith mjini London, alipima vijidudu vya stafilokoka vilivyotoka kwa wagonjwa wa pale na kukuta kwamba zaidi ya nusu havikudhurika tena na penisilini.

Hapo ndipo lilipodhihiri jambo la kushangaza. Ripoti nyingi za miaka ya 1950 zilieleza kwamba wagonjwa waliopewa viuavijasumu baada ya upasuaji hawakuwa na majeraha safi kuliko wale ambao hawakupewa, na wengine hali zao zilikuwa mbaya zaidi. Wapasuaji wenye sifa wakakata shauri kwamba kinga ya namna hii ni ndoto, na kwamba mwenye kuitumia anaficha uzembe wake wa usafi nyuma ya chupa ya dawa. Hukumu ile ilikuwa na haki upande mmoja na kosa upande wa pili, kwa kuwa dawa ilikuwa njema. Iliyokuwa mbaya ni saa yake.

Waliolifumbua fumbo hilo walianza na wanyama. Nchini Uingereza, Ashley Miles na wenzake walionyesha mwaka 1957 kwamba katika saa chache za mwanzo, tangu kijidudu kinapoingia mwilini, ndimo linamoamuliwa jambo lote, na kwamba baada ya hapo msaada ukija huja bure. Huko Boston, mpasuaji John Burke aliyachukua mawazo hayo akayapeleka penye kisu. Aliwachanja simbilisi ngozini, akatia stafilokoka katika mikato, akawapa penisilini kwa nyakati mbalimbali: wengine kabla, wengine papo hapo, wengine baada ya saa moja, mbili, tatu na zaidi. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1961 yalikuwa bayana. Pale dawa ilipotangulia, mkato ulionekana kama uliotiwa vijidudu vilivyokwisha kufa. Kadiri dawa ilivyochelewa ndivyo uvimbe ulivyokua. Na ilipochelewa saa tatu, mnyama aliyepewa na asiyepewa hawakutofautiana. Dawa ilikuwa ile ile, wala kipimo hakikubadilika, wala kijidudu; kilichotofautisha uzima na usaha ni mwendo wa saa.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Kisu kinapokata, mishipa midogo ya damu hukatika na kuziba, na mahali pale hujaa damu iliyoganda na ute unaonata, ambamo vijidudu hujificha na kuzaana. Dawa husafiri kwa damu. Ikiwa imekwisha enea nyamani kabla ya mkato, hunaswa pamoja na vijidudu ndani ya ute ule na kuviua vingali vichache. Ikiletwa baadaye, hukuta njia zimezibwa, sawasawa na mlinzi aliyeajiriwa asubuhi iliyofuata usiku wa wizi.

Baada ya simbilisi zikaja ithibati za wanadamu. Mwaka 1969 Hiram Polk na mwenzake walionyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa matumbo, wakapewa dozi chache tu za dawa ya jamii ya sefalosporini kuanzia kabla ya kisu, walipata majeraha machafu kwa uchache sana kuliko wenzao. Jamii hiyo ya dawa ina nasaba ya ajabu, kwani asili yake ni ukungu ambao Giuseppe Brotzu aliupata mwaka 1945 karibu na mahali maji machafu ya mji wa Cagliari, katika kisiwa cha Sardinia, yalipokuwa yakimwagika baharini. Katika kizazi chake imo sefazolini, ambayo hadi leo ndiyo dawa ya kwanza ya kinga katika aina nyingi za upasuaji. Kisha mwaka 1992 David Classen na wenzake wa Salt Lake City walichapisha habari za wagonjwa 2,847. Waliopewa dawa katika saa mbili za mwisho kabla ya mkato, waliooza majeraha walikuwa asilimia 0.6, waliopewa mapema mno, zaidi ya saa mbili kabla, asilimia 3.8, waliopewa ndani ya saa tatu baada ya mkato, asilimia 1.4, na waliocheleweshwa zaidi ya hapo, asilimia 3.3. Kwa hiyo si kuchelewa tu kulikodhuru. Hata kuwahi kupita kiasi kulidhuru, kwa kuwa dawa huisha mwilini na kumwacha mgonjwa mikono mitupu saa ile anayoihitaji.

Kutokana na majaribio haya na mengine, utaratibu ukatulia. Dozi moja hutolewa ndani ya saa moja kabla ya mkato kwa dawa kama sefazolini. Upasuaji ukirefuka kupita saa nne, au damu nyingi ikipotea, dozi hurudiwa. Na jeraha likisha kushonwa, kinga imekwisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulisema wazi kwamba kuendeleza dawa ya kinga baada ya upasuaji hakupasi. Yule ambaye kidole tumbo chake kimekwisha pasuka na usaha kuenea tumboni hayumo katika hukumu hii, maana huyo anatibiwa maradhi aliyonayo na hahesabiwi kuwa anayekingwa na maradhi yajayo, na siku zake za dawa ni haki yake. Hata katika upasuaji wa uzazi, ambao ndio upasuaji mkubwa unaofanywa kwa wingi kuliko wote katika nchi zetu, desturi ilibidi igeuzwe: kwa miaka mingi dawa ilizuiliwa mpaka kitovu cha mtoto kifungwe, kwa khofu kwamba ingemfikia mtoto na kuficha dalili za maradhi yake, hata majaribio yalipoonyesha kuwa kuitoa kabla ya mkato humkinga mama vema zaidi bila ya kumdhuru mwanawe.

Afrika Mashariki imekuwa na sehemu yake katika kuyathibitisha maarifa haya. Shirika la Afya Duniani lilipotunga orodha ya usalama wa upasuaji, ambayo miongoni mwa maswali yake ni hili, je, dawa ya kinga imetolewa katika dakika 60 zilizopita, orodha hiyo ilijaribiwa kati ya mwaka 2007 na 2008 katika hospitali nane za dunia, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania, pamoja na London, Seattle, Toronto, Manila, Amman, New Delhi na Auckland. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo kushuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Katika hospitali ya serikali ya Thika, Kenya, watafiti walikuta kwamba karibu dawa zote za kinga zilitolewa baada ya upasuaji. Sera ikaandikwa, watumishi wakafundishwa, na katika muda wa wiki chache desturi ikapinduka, dawa ikatangulia. Kisha mwaka 2018 zikachapishwa habari za hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe, ambazo kwa kuunganisha usafi wa mikono, maandalizi ya ngozi, na dawa kwa wakati wake, zilipunguza majeraha yaliyooza kutoka asilimia 8 hadi 3.8.

Pamoja na hayo yote, ingia leo katika wodi ya upasuaji ya hospitali nyingi ukafungue faili. Mama aliyejifungua kwa kisu jana, hana homa, mshono wake mkavu, ameandikiwa seftriaksoni gramu moja mara mbili kwa siku na metronidazoli ya dripu mara tatu kwa siku, kisha vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Kanula imemkalia mkononi muda wote huo, nayo ni mlango mwingine wa vijidudu. Dawa ikikosekana katika bohari ya hospitali, nduguye hutumwa duka la dawa ng'ambo ya barabara na karatasi mkononi, na fedha ambayo ingalinunua uji wa mzazi hununua chupa ambazo hazina kazi. Ukitafuta katika faili hilo hilo saa ya dozi iliyotangulia kisu, mara nyingi hutaiona, ama kwa kuwa haikuandikwa, ama kwa kuwa haikutolewa.

Si haki kuwalaumu watumishi kwa ujinga, maana wengi wao wanayajua haya. Daktari anajua kwamba jeraha likioza ataulizwa kwa nini hakuandika dawa, wala hakuna atakayemwuliza kwa nini aliandika nyingi. Na mahali ambapo maji hukatika, mashine ya mvuke imeharibika na kitanda kimoja kina wagonjwa wawili, yeye huona siku tano za dawa kuwa fidia ya vyote asivyokuwa navyo. Fauka ya hayo, dozi ya kabla ya kisu haina mwenyewe: muuguzi wa wodi hudhani itatolewa chumba cha upasuaji, na mtoa nusukaputi hudhani ilikwisha tolewa wodini, ilhali dozi za baadaye zina zamu zake, karatasi yake na mtu wake. Huko Thika mabadiliko yalipatikana upesi kwa sababu kazi ile iliwekewa mahali pake na mtu wa kuulizwa.

Lakini fidia ile haifidii kitu. Maji yasiyokuwapo hayageuki kuwa maji kwa kuchomwa sindano, na vijidudu vinavyobaki wodini baada ya kila mgonjwa kuogeshwa dawa ya siku tano ni vile vilivyokwisha jifunza kuistahimili. Seftriaksoni, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika fungu la dawa za kutumiwa kwa uangalizi, inamalizwa nguvu zake kwa watu wasioumwa. Na siku atakapoletwa mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo, anayeihitaji kwa dhati, huenda ikamkuta imekwisha kuwa maji. Kila dozi isiyokuwa na kazi ni mkopo uliochukuliwa kwa mgonjwa mwingine asiyeulizwa.

Hukumu ya historia hii, basi, ni kwamba dawa ya kinga inahesabiwa kwa saa, haihesabiwi kwa siku, na kwamba thamani yake hutimia pale tu usafi uliokuwapo kabla yake ungali upo. Hospitali itakayo kuifuata haihitaji dawa mpya wala mashine ya thamani. Yahitaji mtu mmoja anayejulikana ambaye kazi yake ni kuchoma sindano ile na kuiandika saa yake, swali linaloulizwa kwa sauti kabla ya kisu kushikwa, na mkubwa wa wodi atakayesimama nyuma ya daktari kijana siku ile anapochukua kalamu na kuandika katika faili la mgonjwa mzima: dawa isimame.